Vioo Viwili Juu ya Meza Moja

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo haukutungwa kwa ajili ya kompyuta, lakini wafaa kufungulia habari hii, kwa kuwa habari yenyewe yahusu daftari, fedha za watu, na heshima ya mwanamke aliyekabidhiwa vyote viwili.

Mtaani Buyenzi, mjini Bujumbura, ambako Kiswahili husikika barazani na sokoni tangu alfajiri hadi usiku, anaishi mama mmoja aliye mshika hesabu wa chama cha kuweka na kukopa. Wanachama ni wanawake 23, wengi wao wauza vitenge. Bidhaa zao hutoka mbali: nyingine hununuliwa Dubai, zikashuka bandarini Dar es Salaam, zikasafirishwa hadi Kigoma, kisha zikavuka Ziwa Tanganyika. Kila hatua ina stakabadhi yake, na kila stakabadhi hufika mezani pa mama huyo, mara kwa karatasi, mara kwa picha iliyopigwa kwa simu. Mezani hapo ipo kompyuta iliyokwisha tumika katika ofisi za Ulaya kabla ya kuletwa Afrika, na kioo kimoja cha inchi 19, cha umbo lililokaribia mraba.

Kioo cha kompyuta, ambacho wengine hukiita skrini na wengine monita, ndicho dirisha la pekee ambamo mtumiaji huiona kazi yake. Dirisha likiwa dogo, kazi huonekana vipande vipande. Jambo hilo halikumsumbua mama huyo hata siku ilipofika hesabu ya mwisho wa mwezi, daftari likasema fedha za chama zimezidi zile zilizomo kwa faranga 270,000.

Katika mkutano hakuna aliyesema neno baya. Mmoja alikohoa tu, na mwingine akafunga mkoba wake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mwenyekiti, mwanamke wa makamo aliyezoea kupima maneno, akasema, “Mwenzetu, hapana akushukuye hapa. Lakini Jumamosi ijayo daftari lije limenyooka.” Mama akarudi nyumbani akijua vema kwamba mtu anapoambiwa hashukiwi, shuka tayari limekwisha kutandikwa.

Kazi ya macho mawili na dirisha moja

Mshika hesabu mzoefu ana dalili zake. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubakiza, kwa kawaida hushuku kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Aliyeandika 54 mahali pa 45 amekosea kwa 9. Aliyeandika 71 mahali pa 17 amekosea kwa 54, ambayo ni 9 mara sita. Faranga 270,000 zikigawanywa kwa 9 hutoka 30,000 kamili. Basi mama alijua aina ya kosa. Asilolijua ni mahali lilipolala, kwa maana stakabadhi za mwezi ule zilikuwa zaidi ya 300.

Alianza kuzipitia usiku uleule. Alifungua picha ya stakabadhi, akaisoma tarakimu, akaifunika picha kwa dirisha la daftari, akatafuta mstari wake, akalinganisha. Akili ya mtu inayochukua tarakimu kutoka dirisha moja hadi jingine ni kama mtoto abebaye maji kiganjani: hufika, lakini hafiki na yote. Ilipopigwa saa sita za usiku alikuwa amepitia stakabadhi 40, na 2 kati ya hizo alizirudia kwa kuwa hakukumbuka kama alizisoma au alizidhania.

Kabla ya mtu kununua kitu chochote, yafaa kwanza atumie alichonacho. Kompyuta za Windows huweza kugawa kioo kimoja nusu kwa nusu: mtumiaji hubana kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na mshale wa kushoto, na programu iliyo wazi husogea ikashika nusu ya kushoto; akitumia mshale wa kulia, nyingine hushika nusu ya kulia. Katika kioo kipana cha inchi 24 njia hiyo aghalabu hutosha, wala haigharimu kitu. Mama alijaribu. Lakini kioo chake cha inchi 19 kina nukta 1280 tu kwa upana, na kilipogawanywa, nguzo ya fedha ilikatwa katikati, nayo picha ya stakabadhi ikawa ndogo mno hata 3 na 8 zikafanana.

Ipo pia njia ya zamani zaidi, nayo ni kumwita mtu wa pili asome kwa sauti huku wa kwanza akifuata kwa kidole. Njia hiyo ni bora kabisa. Ila mume wake ni seremala arudiye jioni amechoka, na watoto walikuwa na mitihani. Ndipo akakumbuka kwamba katika afisi moja aliwahi kumwona karani mwenye vioo viwili mbele yake, kimoja cha barua na kimoja cha majibu.

Jambo lenyewe si geni. Kompyuta ya Macintosh II, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 1987, iliweza kuendesha vioo kadhaa kwa pamoja, mradi kila kioo kipewe kadi yake ya picha. Kwa watumiaji wa kawaida wa Windows, uwezo huo ulikuja na Windows 98, mwaka 1998. Kompyuta nyingi za mezani zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi katika miaka ya karibuni zina matundu mawili au zaidi ya kuunganishia vioo, hata kama mwenyewe hajawahi kugeuza sanduku akayatazama.

Fedha za mabati

Mama alikuwa ameweka akiba ya kubadili mabati mawili ya jikoni kabla ya mvua za Septemba. Akamweleza mume wake alichokusudia.

Mume akaweka randa yake chini. “Mama watoto,” akasema, “mtu ana macho mawili, si manne. Kioo cha pili atakitazama nani?”

“Baba watoto,” akajibu mkewe, “wewe una misumeno mitatu, na mkono ukatao ni mmoja.”

Seremala hakuwa na neno la kurudisha, maana kila msumeno una mti wake. Hata hivyo alisema maneno ya haki, kwamba fedha ya mabati ikitoka, mvua haitasubiri. Mke akakubali.

Asubuhi yake akaenda mjini akanunua kioo kilichokwisha tumika, cha inchi 22, baada ya kukiona kikiwashwa. Alifanya vema. Kioo kikuukuu hapana budi kiwashwe mbele ya mnunuzi, kitazamwe kikiwa cheupe kitupu na kikiwa cheusi kitupu, ili nukta zilizokufa, mistari, au madoa ya mwanga yaonekane kabla fedha haijabadili mkono. Vifungo vyake vyote vibonyezwe, na nyuma yake yatazamwe matundu yaliyopo. Vile vioo vya kale vyenye tumbo kubwa nyuma havifai kununuliwa tena hata vikitolewa kwa bei ya chai, kwa sababu hula umeme mwingi. Wala asiye fundi asithubutu kuvifungua, kwa kuwa ndani yake umeme wa nguvu nyingi huweza kubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kosa lake lilikuwa la pili. Muuzaji alimpa waya wenye kichwa kimoja upande mmoja na vichwa viwili upande mwingine, akamhakikishia kwamba huo ndio uendeshao vioo viwili. Mama akalipa. Alipofika nyumbani akauunganisha, na vioo vyote viwili vikawaka. Akafurahi muda wa kufumba na kufumbua, kisha akaona kwamba kile kilichomo katika cha kwanza ndicho kilichomo katika cha pili, neno kwa neno, kishale kwa kishale. Alipoufungua mlango wa daftari kulia, na kushoto likafunguka daftari.

Waya wa namna hiyo hufaa darasani au msikitini, pale watu wengi wanapotakiwa kuona jambo moja. Huchukua picha moja itokayo katika tundu moja, ukaigawa mara mbili. Hauongezi mahali pa kufanyia kazi hata kwa upana wa kidole. Atakaye vioo viwili vyenye kazi mbili hana budi kutafuta matundu mawili yenye kutoa picha mbili.

Kusoma matundu

Jumatano jioni alikuja mtoto wa kaka yake, kijana afanyaye kazi ya kutengeneza kompyuta. Hakugusa kibodi. Aligeuza sanduku la kompyuta likatazama dirishani, akapangusa vumbi, akasema, “Shangazi, kabla ya kufungua mfuko hufunguliwa macho. Tazama hapa.”

Tundu la kwanza lilikuwa la rangi ya buluu, lenye vishimo 15 vilivyopangwa safu tatu. Hilo huitwa VGA, lilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1987, nalo ndilo lililobeba kioo cha zamani. Kichwa cha waya wake kina skrubu mbili za pembeni, zinazokazwa kwa vidole, si kwa bisibisi. Vipini vyake ni vyembamba. Akilazimisha mtu hupinda, na kilichopinda mara nyingi huvunjika kikinyoshwa.

Kando yake palikuwa na tundu jingine ambalo mama alilidhani ni la kuchajia. Lilikuwa la umbo la mstatili, lakini pembe yake moja imekatwa. Hilo huitwa DisplayPort, lililoanza mwaka 2006, na hupatikana sana katika kompyuta za ofisi. Watu wengi hulichanganya na HDMI, lile la televisheni, ambalo limebanwa pande zote mbili upande wa chini. Kioo kipya cha mama kilikuwa na VGA na HDMI. Hivyo kilichotakiwa ni waya mmoja tu: upande wa kompyuta DisplayPort, upande wa kioo HDMI.

Kijana akamwonya juu ya mambo matatu ambayo kila mnunuzi afaa kuyashika. La kwanza, waya huo una mwelekeo. Ule utokao DisplayPort kwenda HDMI kwa kawaida haufanyi kazi ukigeuzwa, yaani kompyuta ikiwa ndiyo yenye HDMI na kioo ndicho chenye DisplayPort. La pili, kutoka HDMI kwenda VGA hakutoshi waya mtupu. Hutakiwa kigeuzi chenye saketi ndani yake, kwa kuwa HDMI hutoa tarakimu nayo VGA hutaka mawimbi ya umeme. La tatu linahusu kompyuta zilizotiwa kadi ya picha ya ziada. Kompyuta hiyo huwa na matundu ya picha mahali pawili: yale ya ubao mkuu, yaliyo karibu na matundu ya kibodi, na yale ya kadi, yaliyo chini yake. Mara nyingi kadi ikiwepo, matundu ya ubao mkuu huzimwa. Mwenye kuchomeka kioo kimoja kwenye kadi na kingine kwenye ubao mkuu hukiona kimoja kikiwa cheusi, akadhani ni kibovu, kumbe vyote viwili vilitakiwa viwe kwenye kadi.

Ya mama haikuwa na kadi ya ziada. Waya ulinunuliwa Alhamisi, kwa fedha ndogo kuliko ule wa vichwa viwili uliokwisha kutupwa kabatini.

Kuviunganisha na kuvipanga

Kompyuta ilizimwa kwanza, ndipo nyaya zikachomekwa, ndipo ikawashwa. Kioo cha zamani kikaonyesha picha. Kipya kikatoa maneno ya kusema kwamba hakipati ishara, kisha kikalala. Wengi hukata tamaa hapo. Lakini kioo chenye matundu mawili hakijui daima kitazame lipi. Hapana budi kielekezwe kwa kifungo chake cha kuchagulia chanzo. Kijana alibonyeza mara mbili, akachagua HDMI, na mwanga ukaja.

Kisha akabana kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P. Pembeni pa kioo pakatokea chaguo nne: kutumia kioo cha kwanza peke yake, kunakili picha moja katika vyote viwili, kupanua, yaani kuvifanya vyote viwili kuwa uwanja mmoja mpana, na kutumia cha pili peke yake. Njia hiyo ya mkato imekuwamo tangu Windows 7, ya mwaka 2009. Mshika hesabu hutaka chaguo la tatu.

Uwanja ulipanuka, lakini likatokea jambo la kuchekesha. Kioo kipya kilikaa kushoto mwa mama, ila kompyuta ilikidhania kiko kulia. Kila alipokisukuma kishale kwenda kushoto, kiligonga ukingo kikasimama; alipokisukuma kulia, kikatoweka na kuibukia kushoto kabisa. Kijana akafungua mipangilio ya vioo, ambamo kila kimoja huonyeshwa kama kisanduku chenye namba. Kipo kitufe cha kuvitambulisha, kinachoandika namba kubwa juu ya kila kioo ili mtu ajue kipi ni kipi. Akakiburuta kisanduku cha 2 akakiweka kushoto mwa cha 1, akathibitisha, na kishale kikapita mlangoni kama mtu aliyeijua nyumba.

Palepale huchaguliwa kioo kikuu, kile kitakachobeba vitufe vya programu na ambacho programu nyingi hufungukia. Palepale tena hurekebishwa ukubwa wa maandishi kwa kila kioo peke yake, ili macho yasilazimike kujikunja na kujikunjua yanapohama. Na dirisha likitakiwa kuhama, hushikwa kwa kipanya katika utepe wake wa juu likavutwa hadi upande wa pili. Asiyependa kuvuta hubana kitufe cha dirisha, kile cha herufi kubwa, na mshale wa upande atakao, vyote kwa pamoja.

Kazi ya seremala

Mume alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo bila kusema neno. Mwishowe akaingia, akainama, akatazama vile vioo kama atazamavyo mlango uliotiwa na fundi mwingine. “Kimoja kiko juu, kingine kiko chini,” akasema. “Shingo ya mtu si bawaba.”

Alisema kweli. Kioo huwekwa umbali wa karibu urefu wa mkono ulionyoshwa, na ukingo wake wa juu uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Vioo vinapokuwa viwili, huulizwa kwanza kama vyatumika sawasawa. Vikitumika sawa, hukutanishwa katikati mbele ya mwenye kukaa, vikakunjwa kidogo kama kitabu kilichofunguliwa. Kimoja kikitumika zaidi, hicho huwekwa mbele kabisa ya uso, na kingine kando yake kwa pembe. Atakayefanya kinyume, akakaa saa nne amegeuza shingo upande mmoja, atailaumu mito ya kitanda bure. Na ni vema kila baada ya dakika 20 macho yaondolewe kiooni, yatazame kitu kilicho mbali kiasi cha mita 6 kwa muda wa sekunde 20, kisha yarudi kazini.

Seremala akaenda karakanani akarudi na ubao uliorandwa vizuri, akaukata kwa kipimo, akauweka chini ya kioo kifupi, akalaza pimamaji juu yake. Akatikisa meza, akaona mguu mmoja unacheza, akautia kabari. Baadaye akagundua kwamba kioo kipya kina mashimo manne ya skrubu mgongoni, yaliyoachana milimita 100 kila upande. Mashimo hayo ni ya kipimo kijulikanacho ulimwenguni. Vioo vingi vina ama milimita 100 ama 75, ili viweze kufungwa ukutani au kwenye mkono wa chuma. “Siku nyingine,” akasema, na akaandika kipimo hicho juu ya kiganja chake.

Umeme nao ulitazamwa. Kioo cha kisasa cha ukubwa huo hutumia kiasi cha wati 25. Kikiwashwa saa nne kwa siku, huchukua siku kumi kumaliza yuniti moja ya umeme. Hilo si jambo la kuogopesha, ila lisitiwe juu ya mzigo uliokwisha kuzidi: kompyuta na vioo vyake viwe na waya wao wa matundu mengi, usiounganishwa na pasi wala jiko, usiopitishwa chini ya mkeka mahali watu wanapokanyaga. Mwenye betri ya akiba kwa ajili ya umeme unapokatika ataunganisha humo sanduku la kompyuta na kioo kikuu peke yake. Kioo cha pili kikizimika hakuna kinachopotea, na betri itadumu muda mrefu zaidi wa kuhifadhi kazi.

Usiku wa Ijumaa

Ijumaa baada ya chakula mama alikaa mezani. Kushoto aliweka picha za stakabadhi, moja baada ya nyingine, kubwa hata mwandiko wa wino ukasomeka. Kulia aliweka daftari, nguzo zote zikiwa wazi kutoka tarehe hadi jumla. Hakufunika wala kufunua tena. Jicho lilikwenda kushoto, likarudi kulia. Ilipofika saa nne alikuwa amezipita stakabadhi 180.

Ya 211 ilikuwa malipo ya mwanachama aliyerudisha mkopo wake wote kwa mkupuo. Kushoto paliandikwa 1,250,000. Kulia paliandikwa 1,520,000. Tarakimu 2 na 5 zilikuwa zimepishana, na tofauti yake ilikuwa 270,000 kamili.

Hakupiga kelele. Alikaa kitambo, mikono mapajani. Hakuna aliyeiba, wala mwanachama hakudanganya; mkono ulioandika ulikuwa wake mwenyewe. Mume akamwuliza kutoka chumbani, “Umeliona?” Akajibu, “Nimeliona. Ni langu.” Kisha akaendelea hadi stakabadhi ya mwisho, kwa kuwa kosa moja lililopatikana si ushahidi kwamba hakuna jingine.

Jumamosi alizichukua karatasi mbili zilizochapwa, akaziweka mbele ya mwenyekiti ubavu kwa ubavu, kama zilivyokaa katika vioo. Akasema kosa ni lake, akaonyesha lilivyotokea. Yule mwanamke aliyekohoa wiki iliyotangulia alivaa miwani akazitazama karatasi zote mbili, akatikisa kichwa, akasema, “Dada, hata mimi ningeandika hivyo.” Mwenyekiti akamsifu kwa kusema kweli, lakini hakuishia hapo. Ikaamuliwa kwamba tangu siku hiyo kila malipo makubwa yasomwe na watu wawili kabla ya kuingizwa daftarini, na zamu zikapangwa.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko vioo vyote. Kioo cha pili hakijui hesabu. Hakikumwambia mama kosa liko wapi. Kilimwondolea tu mzigo wa kubeba tarakimu kichwani, na kazi ya kulinganisha ikabaki kwa macho yake. Mwenye kuandika barua moja kwa siku, au kutazama picha za harusi, hana haja nacho. Huwafaa wale ambao kazi yao ni kuweka jambo hili kando ya lile: mshika hesabu, mfasiri, mwalimu asahihishaye insha kwa kufuata mwongozo, mwanafunzi aandikaye huku anasoma.

Nyumbani humo kioo cha pili kimeleta na majaribu yake. Kijana wa kwanza wa mama alikwisha kukutwa akitazama mpira kushoto huku kulia pamefunguliwa somo la jiografia. Sasa ipo amri kwamba wakati wa masomo kioo cha kushoto huzimwa, na kifungo chake hubonyezwa na mama peke yake.

Mvua za mwaka ule hazikungoja. Mabati yalibadilishwa mwezi wa pili tangu zianze, na kabla ya hapo zilikaa ndoo mbili jikoni, moja chini ya kila tundu. Mama hakulalamika, kwa kuwa alikuwa ameambiwa. Kila ndoo ilipojaa, seremala ndiye aliyeinuka kuimwaga.